Washikaji

Shuleni Muheza tulipangwa mstari
tukamezeshwa vidonge vya minyoo, maji kikombe kimoja watoto sita.
Leo niko Worcester, Massachusetts, saa tisa usiku,
nawalisha.
Mama hucheka mpaka simu inakoroma:
"Ulipanda ndege ukachunge minyoo?"
Ndiyo, Mama. Malisho yao bakteria,
fimbo yangu uzi wa platinamu.

Nje theluji imemeza ngazi za nyumba za mbao,
basi la kwanza bado saa mbili unusu.
Huyu hapa chini ya lenzi, milimita moja tu,
mwili kioo: akimeza unaona, akitaga unaona.
Hana cha kusitiri isipokuwa maneno.

Maneno anayo. Yai kabla halijaitwa yai
hujazwa nyaraka za mama yake:
hapa pawe utumbo, pale msuli,
huku nyuma, tafadhali, mkia.
Ni RNA, wajumbe waliokwisha kutumwa
kisha wakaambiwa wangoje barazani.

Wanaowangojesha nawaita washikaji.
Vitabu vinasema protini zinazojishikiza kwa RNA,
lakini mimi nilikulia kijiweni,
namjua mshikaji: ndiye akufinyaye mkono
usiropoke mbele ya wakwe.
Hushika waraka mkiani,
pale pasipo na habari yoyote, herufi za ziada tu,
na ribosomu ikija mdomo wazi, tayari kusoma,
huambiwa: bado.

Na mshikaji naye ana mshikaji wake.
Kule nchani mwa tumbo la uzazi FBF humziba GLD-1,
seli zikabaki changa, zinagawanyika, zinagawanyika.
Zikisogea mbele kidogo FBF hulegea,
GLD-1 huamka, akawaziba mamia.
Kuzibana huku, ajabu, ndiko kukua.

"Zuhura, njoo uone." Ni Linh, meza ya pili,
amewanyima minyoo wake washikaji wawili,
GLD-1 na MEX-3, wote kwa mpigo.
Nikainama.
Mahali pa mayai palikuwa na neva.
Neva! Zinawaka kijani, zimejisokota,
hazina kichwa cha kupelekea habari,
na kando yake msuli usio na mfupa wala safari.
Linh akasema idadi, nikaandika idadi.
Sikumwambia nilichokuwa nawaza:
hakuna uongo pale, hata neno moja.
Ni maagizo ya mama yale yale,
yamesomwa kabla ya saa yake.

Baba alifariki Jumanne, wiki ya mitihani yangu.
Niliambiwa siku ya tisa,
nilipoweka kalamu chini kwenye karatasi ya mwisho.
Siku tisa nyumba nzima ilishika simu:
shangazi Mwanaidi anasema mtandao mbovu,
kaka Sefu anatuma picha ya mbuzi,
Mama mwenyewe, sauti imenyooka kama rula,
ananiuliza kama nimekula.
Nilinuna miaka sita.
Nilimwambia, mlinifanya mgeni kwenye msiba wangu.
Hakujibu. Alisema tu, "Ulifaulu."

Sijasamehe, nisijitie wema.
Mnyoo si Mama, na protini haina uchungu,
haijui inachokishika, haikai macho
ikiuma upindo wa kanga ili isilie.
Lakini usiku huu nimeiona gharama ya upande wa pili,
kijani, ikimeremeta, haina pa kwenda.

Narudisha sahani kabatini, nyuzi ishirini.
Nabakisha moja.
Kuna yai ndani yake limefika kwenye mikunjo mitatu,
kinyoo kinajizungusha katika ganda kama mtu
atafutaye mkono wa shati gizani.
Tanzania ni saa tano asubuhi. Mama yuko sokoni.
Naishika simu, naiweka, naishika.
Nikirudi kwenye lenzi ganda limebaki tupu
na mchirizi mwembamba umekata malisho.
Nani alimwachia neno, na saa ngapi,
sikuona.